Rika la Gana

Katika kitongoji cha juu cha Likawage, mtu haulizwi ana miaka mingapi. Anaulizwa ni wa rika gani, na jibu lake linatosha. Akisema Zimbabwe, ujue alitoka jando mwaka themanini, wakati bendera ya Waingereza ilipokuwa inateremshwa kule Harare, mji uliokuwa ukiitwa Salisbury. Akisema Mandela, ni wa tisini. Rika hilo lilizua ugomvi, kwa sababu mwaka uleule Kameruni waliwafunga Argentina katika Kombe la Dunia na nusu ya wazee walitaka watoto waitwe Kameruni. Mandela akashinda kwa kura mbili. Mpaka leo wapo wanaume wa miaka arobaini na ushee, wenye mvi za kwanza kidevuni, ambao wakinywa togwa huanza upya kulalamika kwamba walinyimwa jina lao halali.

Mzee Mfaume ni wa rika la Msumbiji. Alitoka jando mwaka sabini na tano, siku chache baada ya Msumbiji kupata uhuru, naye akiwa na miaka kumi na mmoja. Anakumbuka mjomba wake, aliyekuwa manyakanga, yaani mkuu wa kambi ya jando, akisimama mbele ya wavulana walionyolewa na kupakwa mafuta, akasema: "Watu walipita katika mkoa wetu huu kwenda kupigana. Walikula mihogo yetu. Leo wana nchi. Ninyi ni Msumbiji." Mfaume hajawahi kufika Msumbiji. Lakini kila jina hilo lilipotajwa redioni aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwao.

Sisi tuliosoma vyuo tunapenda kusema kwamba umoja wa Afrika ni ndoto ya viongozi, kwamba ulizikwa kwenye makabrasha ya mikutano. Tungepanda hadi Likawage kwanza. Huko wakulima wa korosho na ufuta wameubeba umoja huo katika majina yao nusu karne nzima, bila mkutano, bila posho na bila mtu wa kuwapigia makofi.

Mjomba alipofariki, kazi ya umanyakanga ikamwangukia Mfaume. Rika la kwanza alilolipa jina lilikuwa la mwaka elfu mbili na kumi, na ndani ya rika hilo alikuwemo mwanawe, Hussen.

Desturi ya pale ni hii: watoto hutolewa kambini alasiri, na hawali chakula cha mama zao mpaka wapewe jina. Kijana aliyetangulia kuingia kambini katika rika lililopita husimama, hulitaja jina la rika lake kwa sauti, kisha humkabidhi mtoto wa kwanza wa rika jipya fimbo ya mpingo. Baada ya hapo manyakanga hutaja jina jipya. Likishatajwa halirudi. Hakuna aliyewahi kubadilishiwa jina la rika, kama ambavyo hakuna aliyewahi kubadilishiwa siku ya kuzaliwa.

Basi, mwaka huo watoto walitolewa Ijumaa ya tarehe mbili Julai. Usiku wake Gana walikuwa wanacheza robo fainali na Uruguay, kule Afrika Kusini, Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa katika ardhi yetu. Kijiji kizima kilikuwa kimelewa matumaini. Kornelio, mtani wa Mfaume na jirani yake wa mpaka wa shamba, alimnong'oneza, "Mtani, subiri kesho. Jina la ushindi utaje baada ya ushindi."

Mfaume akacheka. "Wewe Kornelio, hata Pasaka huwa unasubiri uone kaburi tupu?"

Akataja Gana. Hussen, aliyekuwa wa kwanza kuingia kambini, akaipokea fimbo. Wanawake wakapiga vigelegele.

Yaliyofuata anayajua kila mwenye redio. Dakika ya mwisho kabisa mpira ulikuwa unaingia golini, mtu wa Uruguay akauzuia kwa mikono. Penalti. Ikagonga mwamba. Kisha zikaja penalti nyingine, na Afrika ikatolewa.

Asubuhi wavulana kumi na wawili wa Likawage waliamka na jina la timu iliyotolewa.

Utani ulianza hapohapo. Mtoto wa rika hilo akidondosha ndoo kisimani: "Gana!" Akifeli hesabu: "Gana!" Kwa wengine kumi na mmoja ulipita kama mvua ya vuli. Kwa Hussen haukupita, kwani yeye ndiye aliyeishika fimbo. Alipofika miaka kumi na mitano alipiga penalti katika fainali ya kata, ikapaa juu ya mti wa goli, na uwanja mzima ukaimba lile jina kwa sauti moja, watoto kwa wakubwa. Mfaume alikuwepo. Alimwona mwanawe akisimama pale kwenye nukta ya majivu, ameinamisha uso, naye hakujua la kufanya na mikono yake mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye Hussen aliaga anakwenda Dabani, Afrika Kusini, kutafuta maisha. Alipokuwa akifunga begi alisema neno moja tu, tena bila ukali: "Baba, ulitupa jina kabla ya mechi."

Neno hilo Mfaume amelala nalo na kuamka nalo. Kila simu ilipoita alitarajia litajwe tena, halikutajwa, na kutotajwa kwake kulimuumiza zaidi. Hussen alisalimia, aliuliza mvua, aliuliza korosho, alimuulizia mama yake. Kisha mtandao ulikatika, maana Likawage mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya shamba la Kornelio, na mtu akitikisika kidogo anaupoteza.

Jando halikufanyika tena kwa miaka kumi na miwili. Watoto walipelekwa zahanati. Wazee walipokubaliana kulirudisha, mwishoni mwa elfu mbili ishirini na mbili, wakati wa likizo ndefu, lilikuwa ni lilelile la zamani ila kisu amekishika mganga wa zahanati. Na kwa kuwa rika lililotangulia lilikuwa Gana, mtu wa kukabidhi fimbo alikuwa Hussen.

"Nitakuja, baba. Desemba, inshallah," alisema simuni.

Tangu siku hiyo Mfaume hakuwa mtu wa kukaa. Aliitoa fimbo ya mpingo darini, akaipaka mafuta ya nazi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mkewe Hamida akamwambia, "Baba Hussen, hiyo fimbo itateleza ianguke. Mwanao atakuja, fimbo isiwe samaki." Lakini na yeye Hamida alikuwa ameshatenga jogoo, na kila jioni pikipiki zilipokuja kutoka Nangurukuru, kwenye barabara kuu, alikuwa na sababu ya kufagia ua wa mbele.

Kutoka kwa watoto kulipangwa Jumamosi ya tarehe kumi. Jioni ya siku hiyohiyo, saa kumi na mbili, Moroko walikuwa wanacheza robo fainali na Ureno huko Katari. Robo fainali tena! Hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kuvuka hapo. Vijana walikwishaamua: watoto waitwe Moroko. Mfaume akakataa.

"Sitaji jina mpaka filimbi ya mwisho," alisema kwenye kikao cha Ijumaa.

"Na watoto wale nini?" aliuliza Veronika, ambaye mjukuu wake alikuwa kambini. "Mechi inaisha giza limeingia. Mmewaweka wiki tatu, kesho mnawashindisha njaa kwa ajili ya Wareno?"

Watu wakacheka, Mfaume hakucheka. Kornelio alimfuata nje.

"Mtani, husubiri mechi wewe. Unamsubiri kijana."

"Vyote."

"Na asipokuja?"

Mfaume akashika njia ya nyumbani. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaitengeneza siku nzima kichwani: Hussen anashuka kwenye pikipiki ana vumbi mpaka kope, anashika fimbo, anataja Gana, na safari hii manyakanga anasubiri, Moroko wanashinda, jina linatolewa baada ya ushindi. Kosa linafutika mbele ya yuleyule aliyekosewa. Hakuomba zaidi ya hapo.

Jumamosi pikipiki ya kwanza ilileta sukari ya sherehe. Ya pili ilileta mwalimu. Baada ya swala ya adhuhuri Mfaume alipanda kichuguu na simu yake ndogo, akasimama wima kama mlingoti. Ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefika wapi?"



"Niko Dabani, baba. Karatasi zangu za kukaa huku hazijatoka. Nikivuka mpaka, sirudi. Nilijua tangu wiki iliyopita, nikaona haya kukwambia."

Mfaume alihisi kichuguu kinazama. Akasema, "Basi sawa," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa bei ya chumvi.

"Baba, nasikia mnasubiri mechi ndipo mtaje jina."

"Ndiyo. Sirudii kosa. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nilikuwa mtoto." Hussen alivuta pumzi. "Sijawahi kukusimulia nilivyopata kazi. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa natembea tu mitaani. Siku moja nikapita kwenye kinyozi, mlangoni pana bendera ya Gana, ile yenye nyota nyeusi. Nikacheka peke yangu. Nikasema, hata huku limenifuata. Mwenyewe akaniona, akaniuliza kwa Kiingereza nacheka nini. Anaitwa Kwabena, mtu mzima. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuombea maji: kwetu kuna watoto kumi na wawili, jina letu ni Gana, tulipewa mchana wa siku ile, kabla ya penalti. Baba, yule mzee alizima mashine, akamwacha mteja na kichwa nusu. Akanikumbatia. Akasema, siku ile tulidhani tunalia peke yetu."

Mfaume alisimama bila kutikisika, akiogopa kuupoteza mtandao.

"Akanipa kiti na mkasi. Mpaka leo ndicho kiti ninachofanyia kazi. Angelikuta nimepewa jina kesho yake, baada ya kuona nani kashinda, lingekuwa na maana gani kwake? Taja kabla ya mechi, baba. Kama ulivyotaja letu."

"Na fimbo? Nani ataikabidhi?"

"Mimi si nipo simuni?"

Hapo ndipo Likawage ilipofanya jambo ambalo haijawahi kulifanya. Mfaume alimwambia Hussen apige tena baada ya nusu saa, akateremka kama anayekimbia, akaamuru watoto wasiletwe uwanjani. Waletwe kwenye kichuguu. Wakaja tisa, vichwa vinang'aa mafuta, kanga mpya mabegani, wakipita katikati ya mikorosho ya Kornelio, na nyuma yao mama zao na masufuria, na Kornelio akipiga kelele, "Angalieni miche yangu! Jando limehamia shambani kwangu na mimi si Mwislamu!"

"Wewe ni Zimbabwe," Veronika akamwambia. "Tulia."

Simu ikaita. Mfaume akaweka sauti ya nje, akaiinua juu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika fimbo. Upepo ulipiga, kila mtu akanyamaza hadi vitoto vya mgongoni.

"Mimi ni Hussen bin Mfaume," ilisema simu, sauti ikikwaruza. "Niliingia wa kwanza. Rika langu ni Gana."

Hakuna aliyecheka. Vijana wa rika lile waliokuwepo, wanne tu, maana wengine wametawanyika Dar na Mtwara, wakaitikia pamoja: "Gana!" Na jina lile, ambalo kijiji kilikuwa kimelitupia kila ndoo iliyodondoka, likasikika siku hiyo kama lilivyosikika mchana ule wa kwanza, kabla mwamba haujagongwa.

Mfaume akamkabidhi fimbo mtoto wa kwanza. Ilikuwa inateleza kweli. Mtoto akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Watu wa bara hili wako uwanjani jioni ya leo," alisema Mfaume. "Hatujui watashinda au watashindwa. Ninyi ni Moroko."

Vigelegele vilipanda. Hamida alikuwa amesogea mpaka chini ya kichuguu, anaelekeza mdomo kwenye simu. "Hussen! Mwanangu, umesikia? Jogoo wako nimemwacha hai!"

Mfaume aliishusha simu, akaiangalia. Kioo kilikuwa kimezima. Mtandao ulikatika, na hakuna aliyejua ulikatikia wapi: kabla ya jina, au baada.

Watoto walikwenda kula. Saa kumi na mbili kijiji kilijazana bandani kwa Kornelio penye runinga. Mfaume hakwenda. Alirudi kichuguuni, akasimama palepale penye alama ya miguu yake, akabonyeza namba ya Hussen, akangoja, akabonyeza tena. Jua lilikuwa limeshika vilele vya mikorosho pale mlio mmoja ulipopasuka kutoka bandani, mabati yakapigwa, watu wakamwagika nje wakiliimba jina alilolitoa mchana. Moroko wamefunga.

Hakugeuka. Aliinua simu juu zaidi, kwa urefu wote wa mkono wake, na huku kelele zikimjia mgongoni, alianza kulitaja jina lile taratibu, tena na tena, ili lisije likamkosa mtu wake mtandao utakapofunguka.