Kumhadithia Dada Mapicha ya Kihindi

Sisi Unguja, anayekwenda sinema alikuwa na kazi yake: akirudi awahadithie waliobaki nyumbani, picha lote, na nyimbo zake. Baba alimruhusu dada yangu mkubwa tu, mie nilikuwa mdogo. Basi ananikalisha barazani, ananipa picha zima, analia yeye, anacheza yeye, na adui akifa, anakufa yeye. Mapicha nimeyajua kwa mdomo wake kabla ya kuyaona.

Sasa tuko Ibra, huku Omani, vizee sote, na macho ya dada yakaanza kuingia kiza. Madaktari wa huku wakatazama, wakatingisha vichwa. Wanangu wakasema twende Bombei, watu wengi hapa hwenda kutibiwa kule. Mie moyoni, Mungu anisamehe, nikafurahi kuwa Bombei ntaiona.

Bombei ya kwenye picha, mtu akipenda, barabara nzima inacheza. Hii niliyoiona mie, nani ana nafasi ya kunyanyua mguu? Honi, matope, magorofa yanagusa mawingu, na chini yake watu wamejifunika maturubali, mama anamwogesha mtoto kwa kopo pembeni mwa njia. Wengine wananing'inia mlangoni mwa treni kama nguo zilizoanikwa. Chai yao lakini, wallahi, tamu. Na Kihindi changu ni cha sinema tupu. Nikamwambia dereva wa teksi, "Roho yangu imo mikononi mwako." Akacheka mpaka akasimamisha gari. "Mama, we nambie unakwenda wapi tu."

Dada huku ananivuta buibui. "Kuna nini nje?" Nikamhadithia mpaka mlango wa hospitali.

Daktari kijana, mtaratibu, mzuri kama steringi. Akasema mshipa wa jicho umeshakufa, hakuna dawa wala kupasua. Nikamwambia dada vile vile. Akasema, "Basi kazi ni yako sasa."

Nikaishika kazi kwa raha zangu. Kila alasiri kahawa, tende, dada kaegemea mto, mie na televisheni. Lakini mapicha ya siku hizi utayahadithia vipi? Zamani kulikuwa na mama mjane, ndugu waliopoteana, wimbo mvuani. Sasa wanaume madevu, kiza kitupu, damu, bunduki refu kama mnazi.

"Wanafanya nini?"

"Wanauana."

Tukanywa kahawa.

"Na sasa?"

"Bado wanauana."

"Mama yake steringi hayumo?"

"Hayumo. Hawa wamezaliwa na bunduki."

Siku hiyo alicheka. Siku za mbele hakucheka tena. Mjukuu wangu akatutilia ya zamani, ikawa vibaya zaidi. Dada anayajua yote, ananitangulia maneno, halafu akifika kwenye sura anakwama. "Yule mwanamke, pua yake ilikuwaje?" Namwambia. "Simpati," anasema. "Simpati kabisa."

Juzi niko katikati ya maneno, akaniwekea mkono gotini.

"Basi, mdogo wangu. Usinihadithie tena. Ukinihadithia ndo najua kama sioni."

Alasiri sasa anakaa chumbani kwake, mlango kaurejesha. Mie sebuleni natazama midomo inacheza tu, sauti nimeizima. Wajukuu wananambia, "Bibi, tuhadithie sisi."

Nawaambia, nyie mna macho.