Barabara Inamtafuta Babu

Mtaa wetu, huko nyuma ya Igoma, haukukusudiwa kuwa mtaa. Bibi anasema alipoolewa hapa palikuwa na kaya chache tu zilizozungushiwa minyaa, na ukitaka kumsengenya jirani ilibidi kwanza utembee. Leo jirani akikohoa tunampa pole tukiwa kitandani. Mji ulitufuata na saluni zake, gereji zake, na makanisa mawili yanayoshindana kwa spika. Hakuna anayetulia. Ukienda shule asubuhi, jioni unakuta kibanda cha chipsi pale ulipozoea kupita.

Likizo iliyopita wakaja wapimaji kutafuta pa kupitisha barabara ya mtaa. Watu walishangilia, na sisi pia, mpaka kamba ilipokatiza uwanja wetu, pale lilipokuwa zizi. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasema hapo amelala mume wake.

Mpimaji, kijana mwenye kofia pana, alimwamkia vizuri, akasema hakuna shida. Aonyeshwe tu kaburi, ataikunja barabara ilikwepe, au lihamishwe kwa heshima.

Shida ilikuwa hapo. Babu alizikwa kimila, ndani ya zizi lake, bila msalaba wala saruji, na jioni ileile ng'ombe wakarudishwa kulala juu yake. Kwa wazee wetu wa Kisukuma hiyo ndiyo heshima ya mwenye kaya, kukanyagwa na mali yake. Walimkanyaga vizuri mno. Baadaye ng'ombe wakaisha kwa mahari na magonjwa, nguzo za zizi zikawa kuni za kupikia maharage, nami nikajifunza kupiga penati mahali fulani juu ya babu yangu.

Bibi alisema alizikwa karibu na mlango wa zizi. Babu mdogo, yaani mdogo wa marehemu, akasema ni kweli, ila mlango ulikuwa upande ule mwingine. Mmoja anaonyesha karo la maji machafu la wapangaji wetu, mwingine ukuta wa saluni. Wakabishana Kisukuma kwa kasi hadi mpimaji akanigeukia nimtafsirie. Nikamwambia wanakubaliana kwamba alikufa. Mama akanifinya.

Baba akamvuta bibi pembeni na kumnong'oneza kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Alitaka tujenge kaburi popote penye nafasi, tulipige vigae vyeupe, mpimaji akunje kamba yake, yaishe. Nani angejua?

"Mwanangu," bibi akasema, "unataka kila Jumapili nikafagie mavi ya ng'ombe nikiyaita mume wangu?"

Nilicheka peke yangu.

Mpimaji alikuwa ameanza kuchoka. Akasema kama kaburi halijulikani, njia iliyobaki inapita kwenye nyumba ya bibi, ile ya matofali ya udongo aliyoikandika mwenyewe alipokuwa bibi harusi. Nadhani alitaka kumtisha ili akumbuke mlango ulikuwa wapi.

"Hiyo nyumba mnaiona?" bibi akamuuliza.

"Tunaiona, bibi."

"Basi pitisheni huko. Mimi nahamishika. Yeye mtamchimba wapi?"

Baba alijaribu kubisha, hakusikilizwa. Wakachora alama nyekundu ukutani. Bibi akaikagua, akasema imepinda, wairudie.

Sasa analala chumbani kwangu, kwenye kitanda changu, maana chake hakikupita mlangoni. Mimi nina godoro sebuleni na ahadi yake kwamba mke hamfukuzi mumewe moja kwa moja. Ananiita mume wangu tangu nizaliwe. Sikujua ndoa hii ingenigharimu kitanda.

Barabara haijafika. Kila asubuhi bibi anakwenda kuifagia nyumba yake iliyo tupu. Nilimuuliza anafagia nini wakati itabomolewa. Akanipa ufagio wa pili, akasema nianzie uvunguni. Nikamwambia uvungu ulihama na kitanda. Hakucheka. Basi tunafagia, na greda likinguruma huko barabara ya Musoma tunasimama wote wawili, tunasikiliza linaelekea wapi.