Mistari Aliyoifuta Adamu

Sabaha binti Mwinyihija alikuwa fundi wa kompyuta Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, katika miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na bidhaa za ng'ambo zikajaa mpaka vibarazani. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kuamshia mashine zilizouzwa dukani kwa binamu yake Adamu. Ndani yake aliweka mistari ya uhakiki: kabla kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha mashine, hakijakaa popote, kila anwani ya kumbukumbu, kama namba ya nyumba mtaani, iandikwe alama, kisha isomwe, ijulikane kama ipo kweli.

Uhakiki ulichukua dakika nzima. Adamu akaona wateja watachoka kungoja, akaifuta mistari ile, akamtoa Sabaha dukani, na kila aliyeingia akamwambia kwa utani wa mabinamu, "Huyu mwoga. Hata mashine aliifundisha kupiga hodi nyumbani kwake yenyewe." Watu wakacheka. Utani haukasirikiwi, kwa hiyo Sabaha naye akacheka, na chuki yake akaihifadhi mahali pakavu.

Siku moja akaletewa mashine ya duka lile aitengeneze. Akaipima, akaelewa kasoro yake, akanyamaza wiki mbili, hadi aliposikia kwamba Bi Severa, mwenye chuo cha uchapaji Buguruni, anakwenda kuchukua mashine sita.

Akamkuta ameshakaa dukani kwa Adamu. "Shikamoo, Bi Severa."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba dakika moja tu. Binamu hanikatalii, mimi ndiye mwoga wake."

Adamu akacheka; angemkatalia vipi mtani wake mbele ya mgeni? Sabaha akachomeka disketi yenye mistari yake ya uhakiki. Hesabu ikapanda vizuri hadi nusu ya kumbukumbu iliyotangazwa, hapo ikasimama. Alama iliyoandikwa kupita nusu ilionekana imeangukia chini kabisa, juu ya kiini chenyewe.

"Maana yake nini?" akauliza Bi Severa.

"Nusu ya nyumba hazipo, mama. Mwanafunzi wako akiandika barua ndefu, barua itakifuta kiini, na mashine itamfia mkononi."

Bi Severa akachukua mkoba wake, akatoka. Adamu, ambaye naye aliuziwa vipande vile vya kumbukumbu kwa jina la vizima, akanong'ona, "Ungeniambia, binamu."

"Nilikuwa nakuambia kila mashine ilipowashwa. Ukanifuta."

Adhuhuri ile Sabaha alisali. Alipofika penye kuomba toba, alitaja makosa yake yote ya wiki mbili zile, moja baada ya jingine, isipokuwa hilo la kunyamaza.