Mpelelezi wa Mfuko wa Plastiki

Kila Jumamosi alasiri, mama alikuwa akimtazama mpelelezi mmoja kwenye televisheni yetu pale kijijini Munisagara. Kijitu kifupi, shati nje, mfuko wa plastiki mkononi. Wahalifu walimdhania fundi bomba, wakamwonea huruma, wakajisemea wenyewe mpaka wakanaswa.

"Mbona wote wanakiri?" niliuliza. "Wakinyamaza atafanya nini?"

"Wewe msomi, tuache tutazame."

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nilibishia kila kitu. Lakini msimu ule nilimwiga yule mtu niliyemcheka.

Jaruba la mpunga aliloachiwa mama na marehemu baba lilikuwa limepungua. Masale, ile mimea ya mpakani, yalikuwa yamesogea hatua nane ndani kwetu. Upande wa pili analima baba mkubwa, kaka wa baba. Lile jaruba ndilo chakula cha mama cha mwaka mzima.

Nilimfuata shambani nimevaa kandambili, nikajifanya sijui kitu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, msomi. Chuoni hawakukufundisha jembe?"

"Hawakunifundisha. Eti masale ukiyapanda kiangazi yanashika?"

"Yashike wapi! Mpaka uyamwagilie."

"Mbona haya yameshika?"

"Nimebeba maji mwenyewe wiki mbili, mgongo ukaniuma…"

Nilikuwa nimemnasa kabisa, kama kwenye televisheni. Nikasubiri ainamishe kichwa.

Hakuinamisha. Aliegemea mpini wa jembe, akaniangalia bila hasira.

"Nimeyahamisha mimi. Shamba ni la baba yetu, na mimi ndiye mkubwa. Haya, umeshajua. Umekula lakini? Pita nyumbani, mama yako mkubwa kapika kande."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake tu.

Nilirudi nikamwambia mama twende baraza la kata, Kilosa mjini ikibidi. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha.

"Ukimshtaki, siku ya kwenda kukuposea nani atakaa mbele? Mimi nikifa, nani atasimama kaburini aseme huyu ni wetu?"

"Lakini amekiri, mama!"

"Nimesikia. Yule wa kwenye televisheni akimaliza kuuliza, anaondoka. Hao watu haonani nao tena. Sisi kesho tunachota maji kisima kimoja."

Nikachukua ungo mwingine, nikakaa kupepeta naye.

Mvua ziliponyesha tulipanda mpunga. Mama alirudi kinyumenyume akichomeka miche, mpaka kisigino chake kikagusa masale. Akasimama. Ng'ambo kulikuwa na udongo ambao mwaka uliopita alikuwa ameulima kwa mikono yake. Akageuka, akaanza mstari mwingine.

Baba mkubwa alipita na jembe begani. Mama alimwamkia kwanza. Kisha wote wawili wakanigeukia, wakangoja.

"Shikamoo, baba mkubwa," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Miche yenu mizuri mwaka huu."