Ovaroli Niliyorudi Nayo kutoka Ufini

Mama alinifungulia sanduku kabla sijamaliza chai. Hana subira mama yangu, na mimi nimerithi kwake. Nilikuwa nimerudi Sumbawanga baada ya kusomea uhandisi wa maji Ufini, na Jumapili hiyo akina mama wa jumuiya walikuwa waje nyumbani kwa sala ya shukrani. Alitaka kuona nitavaa nini. Akatoa koti, akalisifu. Akatoa viatu, akavisifu kidogo. Kisha akatoa ovaroli, akaishika kwa ncha za vidole.

Ovaroli yenyewe haikuwa ya kumwonyesha mzazi. Ilikuwa ya bluu, imeiva uchafu magotini, imejaa beji za kitambaa kuanzia kifuani mpaka miguuni, na mguu wake mmoja ulikuwa mwekundu. Mama aliinusa.

"Mwanangu, hii ulikuwa unafanyia kazi gani?"

"Si ya kazi, mama. Ni ya chuo."

Nikacheka, nikaenda kuoga. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unakata masikio, na baada ya basi la kutoka Mbeya nilikuwa nawaza maji ya moto tu. Nilipotoka, mama hayupo na ovaroli haipo. Jirani aliniambia kwa juu ya ua kwamba mama amempita na furushi, anaelekea sokoni kwa fundi cherehani.

Damu ikanichemka. Kule Ufini kila mwanafunzi wa uhandisi ana ovaroli yake. Rangi inaonyesha unasoma nini, na huivai karakanani, unaivaa kwenye sherehe. Beji unazipata kwa kuhudhuria, kwa kubadilishana na wenzako, au kwa kuthubutu jambo la kipuuzi, halafu unazishona mwenyewe kwa mkono. Na ovaroli haifuliwi. Ukitaka ipate maji, unaivaa na kuingia nayo majini. Hao ni watu wenye akili timamu, wanapiga hesabu za madaraja, na hiyo ndiyo sheria yao. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema hawa wamerogwa. Mwaka uliofuata mimi mwenyewe nilimgombeza mgeni aliyetaja sabuni.

Nikapanda bodaboda, nywele bado zinachuruzika.

Fundi alikuwa barazani kwake, ovaroli imelala juu ya cherehani, wembe mkononi. Mama alikuwa kwenye benchi pembeni, amepakata kitambaa kipya cha bluu. Nilikuwa nimepandisha hasira kweli kweli, lakini nilimwamkia fundi kwanza, maana ni mtu mzima na bila shikamoo asingenisikiliza.

"Marahaba," akasema. "Binti, huu uzi wenu wametengenezea nini? Huu ni wembe wa pili."

Ulikuwa uzi wa kusafishia meno. Wanafunzi wa kule hushonea huo kwa sababu haukatiki. Nilijikuta nacheka. Beji tatu tu ndizo zilizokuwa zimebanduka. Lakini mguu mwekundu ulikuwa umeshafumuliwa, mama ameukunja na kuuweka chini ya kitambaa kipya, na hapo kicheko kikaniisha.

"Mama, kwa nini lakini?" nikafoka, wauza mitumba wakageuka.

"Usinipigie kelele sokoni." Kisha akakikunja upya kile kitambaa cha bluu. "Kila nilipokupigia ulisema umekula, umevaa, uko salama. Mtu aliye salama anavaa viraka namna hii? Suruali mguu mmoja wa kuokota? Jumapili watu wanakuja tumshukuru Mungu. Mimi nitashukuru nini, kama mwanangu alikuwa anateseka na mimi niko hapa nauza maharage, sijui lolote?"

Njia nzima nilikuwa nikidhani anaogopa maneno ya watu.

Nikakaa naye kwenye benchi, nikamwomba fundi aweke wembe chini, nikaanza na beji yenye picha ya kofia. Nikamwambia, hapa kwetu Mei Mosi wafanyakazi wanavaa fulana mpya, wanaandamana, wanasikiliza hotuba. Kule, katika mji niliosoma, siku hiyo wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza wanaingizwa kwenye kizimba cha chuma, winchi inakiinua na kukitumbukiza kwenye mto unaopita katikati ya mji. Barafu imeyeyuka majuzi tu. Ukitoka hapo unatetemeka mpaka meno, lakini umekuwa mmoja wao, na unavaa kofia ya wahandisi, nyeupe yenye kishada cheusi, hakuna wa kukuvua.

"Na hujui kuogelea!" mama akasema.

"Kizimba kinashikiliwa na winchi, mama."

"Na kama ingekatika?"

"Huo ni ubatizo wa maji mengi," fundi akasema.

"Huyu alishabatizwa!" mama akamgeukia, mkali. "Parokiani, mimi nimemshika."

Nikamwonyesha beji ya karamu. Kwenye karamu zao mnakaa meza ndefu, umeshakata kipande cha samaki, mara mtu anaanzisha wimbo. Unaweka uma chini, mnaimba mpaka uishe, samaki anapoa. Ukienda kinyume na taratibu, unasimamishwa juu ya kiti uimbe peke yako. Mimi nilikutwa natafuna. Nikaimba wimbo wa Kifipa wa kutwangia ulezi, wakapiga meza kwa viganja, wakaniambia rudia.

"Ule wa bibi yako?"

"Ule ule."

"Wakaelewa?"

"Hata neno moja."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu afungue sanduku. Halafu akautoa mguu mwekundu. "Na huu?"

Huu sikutaka kuuelezea kwenye benchi la fundi, lakini nikamweleza. Wana desturi kwamba watu wawili wanaopendana, au marafiki walioshibana, wanafumua kipande cha ovaroli na kubadilishana. Wangu nilibadilishana na msichana tuliyetumia naye jiko moja bwenini. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa kwanza kule jua lilikuwa likizama mapema mno, na mimi nikaacha kwenda darasani. Nikaacha kupika. Simu nilipokea ya mama tu, nikamwambia nimeshiba. Yule msichana si msemaji, watu wa kule wengi si wasemaji. Alibisha hodi, hakuniuliza kitu, akakaa sakafuni kando ya kitanda changu akashona beji zake mpaka akachoka. Kesho yake akaja tena. Siku nyingine akanipa sindano na mimi. Hivyo hivyo mpaka nikavaa viatu, tukatoka.

Mama aliulainisha ule mguu juu ya goti lake.

"Kwa hiyo ni kweli uliteseka."

"Majira yale tu, mama. Baada ya hapo nilifurahi mpaka nikawa nasahau kukupigia."

Akanipiga kofi la paja, na lilikuwa kofi la haki.

Fundi akauliza basi ashone upi. "Rudisha huo mwekundu," mama akasema. "Na zile beji tatu pia. Tafuta uzi wa maana."

Jumapili nyumba ilijaa. Tulisali, tukaimba, tukala ugali na migebuka wa ziwani. Vyombo vilipoanza kutolewa mama akaingia chumbani, akatoka amevaa ovaroli yangu juu ya gauni lake la kitenge, ameikunja miguuni. Macho yakanitoka. Akawapitisha wenzake kwenye beji moja baada ya nyingine, na karibu zote alizikosea. Beji ya chama cha wapika bia aliiita ya kwaya. Nilifungua kinywa kumsahihisha, nikaona heri nimalizie migebuka wangu. Akina mama walikuwa hoi kwa kucheka.

"Na mguu huo, mama, kitambaa kiliisha?" mmoja akamtania.

Mama hakucheka. Akaweka kiganja kwenye lile goti jekundu.

"Huu ni wa mtoto wa mwanamke mwenzangu," akasema. "Wangu alipokuwa hataki kutoka kitandani, na mimi sijui, yule alikaa naye. Nataka tumwombee mama yake."

Wakasimama wote. Aliyekuwa akiongoza sala alimwuliza kwa upole amtaje mama huyo kwa jina gani.

Mama alinitazama, na hata mimi nilikuwa silijui.

"Sema mama wa mguu mwekundu," akasema. "Mungu atamjua."