Alama ya Kumi Niliyoikata Daftarini

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Jumanne ya wiki ile ya mvua kubwa, nilifungua zizi langu nikakuta kamba tupu. Ng'ombe wangu wa maziwa ameibiwa. Ningepiga yowe kama watu wengine, leo nisingekuwa na la kuungama. Sikupiga yowe. Nilikwenda kuchukua rula.

Nimekosa, ndugu zangu. Nalisema mapema ili msije mkanionea huruma njiani.

Nina miaka hamsini na mbili. Ni fundi redio, naishi upande wa Ngaramtoni. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba. Nilianza na riwaya za upelelezi, kisha nikahamia kwenye sayansi yenyewe: alama za vidole, nyayo, madoa ya damu. Nina madaftari kumi na manne niliyoyajaza kwa mkono wangu. Majirani wananiita Inspekta. Nilijua wanacheka.

Asubuhi ile, kwenye tope la mlango wa zizi, palikuwa na unyayo mmoja safi kabisa. Niliufunika kwa beseni mvua isiuharibu. Nilikuwa na unga wa jipsam uliobaki nilipotengeneza dari, nikaukoroga na maji, nikaumimina pale, nikasubiri nusu saa. Mke wangu alisimama mlangoni amejifunga khanga.

“Baba Neema, ng'ombe anaenda, wewe unapika uji?”

Nilipoinua lile bonge jeupe na kulisafisha kwa mswaki, moyo ulinidunda kwa furaha. Naam, furaha! Nimeibiwa ng'ombe na nina furaha. Hapo ndipo mngenifunga kamba.

Ulikuwa unyayo wa katambuga, zile ndala za tairi. Vichwa vya misumari vilionekana kimoja kimoja. Vilikuwa saba, na wa tatu umepinda.

Alhamisi jioni tulikuwa na ibada ya jumuiya nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa. Wageni huacha viatu nje. Wakati wa sala ya kufunga, wenzangu wamefumba macho, nilitoka nikijifanya napokea simu. Nikageuza viatu vya watu kimojakimoja kwa kijiti. Cha tisa kilikuwa katambuga yenye misumari saba, wa tatu umepinda.

Ilikuwa ya Lomayani. Jina nimelibadilisha, lakini mwenyewe atajijua. Lomayani ni jirani yangu na rika langu. Ni fundi mwashi, na msingi wa nyumba yangu aliujenga yeye.

Nilipima kila kitu pale pale gizagiza, nikaandika. Urefu sawa, upana sawa. Mistari ya tairi sawa, mkato wa kisigino sawa, misumari sawa. Alama tisa zilikubaliana.

Na ya kumi?

Jamani, ya kumi! Katika jipsam kisigino kilikuwa kimelika upande wa ndani. Katambuga ya Lomayani ilikuwa imelika upande wa nje, maana Lomayani ana matege, na mwendo wake naujua tangu tukiwa vijana. Niliiona tofauti hiyo. Niliiandika kwa mkono huu: “Kisigino hakikubaliani.” Kisha nikaikata kwa mstari mmoja.

Msiniulize kama nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilitaka iwe kweli. Nilikuwa nimesoma miaka ishirini na mitano nikisubiri siku moja tu ya kuwa sahihi mbele ya watu.

Siku hiyo ilikuja Jumamosi. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano, nikasimama na jipsam yangu nimeifunga kwenye taulo. Nilipotaja jina, watu walicheka. Lomayani alicheka kuliko wote.

“Inspekta, ng'ombe wako nimemficha wapi? Kwenye soksi? Hata soksi zenyewe sina!”

Nikamwomba avue katambuga ya mguu wa kulia. Akavua, bado anacheka. Nikaiweka katambuga juu ya jipsam. Ikalingana sawasawa.

Kicheko kikakatika.

“Baba Neema,” akasema, sasa kwa sauti ya chini, “hizi nimenunua sokoni kama kila mtu. Nenda kamuulize fundi.”

Nikamjibu, na neno hili litanizika: “Sayansi haiulizi, Lomayani. Inapima.”

Watu walipiga makofi! Walinipigia mimi makofi. Nikaanza kusoma alama zangu tisa, na nilipofika ya sita hakuna aliyekuwa ananisikiliza tena. Vijana walishamvaa. Alijikinga kichwa kwa mkono wa kulia, na rungu likatua hapo. Mlio ule niliusikia nikiwa bado nimeshika daftari.

Mimi sikurusha hata kofi. Hilo nililirudia usiku kucha, kana kwamba ni utetezi.

Mgambo walimwokoa wakampeleka kituoni. Siku ya tatu mpelelezi akaniita. Aligeuzageuza jipsam yangu, akaniuliza kwa upole, “Mzee, hiki kinanionyesha kiatu. Mtu yuko wapi?” Jioni hiyo hiyo Lomayani aliachiwa, mkono umefungwa kwa kitambaa.

Unadhani niliona aibu? Nilikasirika! Siku ya soko nilikwenda Ngaramtoni kwa fundi wa katambuga ili nipate ushahidi zaidi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mguu namba ngapi?”

“Sinunui. Kuna katambuga yako nimeiona, msumari wa tatu umepinda. Kwa nini?”

Akacheka, akanionyesha nyundo yake. “Imemeguka pembeni hapa. Zote hupinda pale pale. Nimeuza miaka yote hiyo, wewe ndiye mteja wa kwanza kulalamika!”

Akainua kipande cha bati anachotumia kukatia tairi, kipimo kimoja kwa wote wanaovaa namba tisa. Mbele yake palikuwa na rundo la jozi. Niligeuza moja, nikageuza ya pili, nikafika kumi na moja. Misumari saba, wa tatu umepinda. Mkato ule ule wa kisigino. Nikatazama miguu ya watu sokoni, nikatafuta pa kukaa.

Alama zangu tisa zote zilikuwa za fundi. Ya mvaaji ilikuwa moja tu, ile niliyoikata.

Wiki mbili baadaye ng'ombe alikamatwa mnadani, mbali, akiwa na wageni wawili ambao hakuna anayewajua huku kwetu. Nikarudishiwa.

Nilikwenda kwa Lomayani. Nilipiga magoti uani, mbele ya mkewe na kuku wao. Vidole vyake vitatu havikunjiki tena. Mwiko hawezi kuushika.

“Inuka, bwana, unachafua suruali,” akaniambia. “Ulisoma vibaya, basi. Mtu akisoma sana kuna siku anasoma vibaya. Nimekusamehe.”

Mkewe akaniletea chai. “Kunywa, shemeji. Hukukusudia.”

Hukukusudia! Nilikunywa chai ile yote. Nilikuwa na daftari mfukoni, ukurasa wenyewe upo, mstari upo. Sikulitoa. Nilisamehewa kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya nikaondoka nalo.

Ni miezi saba sasa. Nimefika getini kwake mara nne nikiwa na daftari, na mara nne nimeishia kuuliza habari za mahindi. Naandika hapa kwa sababu mkewe hulinunua gazeti hili na kumsomea. Shemeji, ukifika mstari huu, msomee. Mwambie nilikiona kisigino.

Na wewe unayependa kupeleleza, soma, sikukatazi. Lakini siku ukiona jambo moja linalokataa kukubaliana na mengine, usilifute. Anza nalo. Na kama mkono wako unawasha kulikata, funga daftari uende nyumbani, kwa maana hapo humtafuti mwizi tena, unajitafutia sifa.

Ng'ombe nilimuuza. Hadi leo nimelipia mkono ule hospitalini shilingi laki tisa na themanini elfu, na kila nikilipa, Lomayani ananishukuru.