Fundi Kizza alikata waya ya kijani ili spindle yangu mpya isizime nyumba

Wakuu, nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji, mkono wa kushoto ndani ya ndoo, wa kulia umeshika spindle ya mashine yangu, na sikuweza kuiachia.

Watu husema umeme unakurusha. Huu haukunirusha. Ulinishika.

Vidole vilijikunja vyenyewe vikabana chuma. Meno yakafungana. Na akili iko pale pale, naona kila kitu: mlango wa mvule mezani, unga wa mbao hewani, jogoo wa jirani amesimama kizingitini ananitazama. Nataka kupiga kelele, sauti haina pa kutokea.

Mama Aber, mke wangu, akaja kuniita kula. Akanikuta kimya, magoti chini, kichwa kimeinama.

"Heee! Baba Aber, leo umeokoka?"

Alidhani nasali. Miaka yote ananivuta kanisani, mimi nasema Mungu ananijua hapa hapa kwenye vumbi. Akacheka. Halafu akaona meno yangu.

Mama Aber amekulia barracks, kambi ya askari, kama mimi. Akiwa mtoto aliona mama mmoja akimvuta mumewe aliyenaswa na umeme kwenye waya wa kuanikia nguo, wakafa wote wawili. Kwa hiyo hakunigusa. Aliokota kipande cha mvule, akanipiga nacho kwenye kiwiko cha mkono wa kulia kwa nguvu zake zote.

Mfupa ukavunjika. Mkono ukaachia.

Ule mfupa aliuvunja yeye, na namshukuru mpaka kesho.

Sasa nirudi nyuma. Yote ninayoandika yamenipata mimi, na alama ninazo mwilini. Shule niliishia P5, darasa la tano. Mwenye elimu akiona nimekosea neno la ufundi anisahihishe, ila asije akaniambia haikutokea.

Naishi Bukoto, hapa Kampala, nyumba na karakana ni kitu kimoja. Nina mashine ya CNC, zile ndogo za hobby, niliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kwa wasiojua: ni meza inayochonga mbao yenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Spindle ndiyo mota inayozungusha kisu. Nachonga milango, vichwa vya vitanda, vibao vya majina.

Spindle iliyokuja nayo ilikuwa ya kitoto. Ukiipa plywood inaimba. Ukiipa mvule inalia. Mugavu ndiyo usiseme, mbao inatoa moshi kabla haijatoa umbo.

Na wateja hawataki mlango wa plywood.

Nikajinyima, nikaagiza spindle kubwa, kilowati mbili na kitu, inayopozwa kwa maji. Maji yanatoka kwenye ndoo, pampu ndogo inayasukuma ndani ya spindle, yanarudi kwenye ndoo. Basi.

Msidhani ni kutoa hii na kuweka ile. Mpya ina uzito wa mkungu mdogo wa matoke! Nilipoifunga mara ya kwanza na kuzima umeme, ilishuka yenyewe taratibu mpaka kisu kikatoboa meza. Nikabadilisha mota ya kupandisha. Nikatengeneza kishikio kipya cha aluminiamu. Halafu nikaenda kwa wauza spea nikatafuta zile pampu nyembamba zinazoshikilia buti ya gari ikiwa wazi, nikafunga mbili, moja kila upande, zikabeba uzito. Hakuna aliyenifundisha. Mpaka leo zinabeba.

Mpaka hapo ni kazi ya mikono yangu, na mtu aje aikosoe.

Umeme ndio sikuujua, nikatafuta fundi.

Fundi anaitwa Kizza. Anakaa Ggaba, kule ziwani, anajiita Engineer. Namtaja kwa sababu alinifungia kifo ukutani.

Spindle ya namna hii haichomekwi ukutani moja kwa moja. Katikati kuna boksi linaitwa inverter, ndilo linaamua izunguke kwa kasi gani. Kizza akalifunga vizuri, akabonyeza namba zake, spindle ikazunguka. Sauti nyororo, huamini kuna kitu kinafanya kazi.

Kisha nyumba nzima ikazima.

Tukawasha. Ikazima. Kila nikiwasha inverter, ile breaka ya usalama ukutani, inayohisi umeme ukivuja, inaruka. Majirani wawili tuko laini moja nao. Wanaita dirishani:

"Afande! Umetuzimia tena!"

Sikuwahi kuwa askari, baba ndiye alikuwa askari, kutoka kaskazini. Lakini Bukoto ukiongea Kiswahili, ambacho huku ni lugha ya jeshi, na ukiwa mrefu, wewe ni afande tu.

Mama Aber ana friji ya juisi anayouza. Juisi ikaanza kuchacha. Akaniambia, "Chagua, hiyo spindle au mimi." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Nikamwita Kizza arudi.

Alitazama ukuta, akatazama boksi, akaniambia, "Mzee, nenda ninunulie tape nyeusi." Nikaenda dukani. Niliporudi akaomba tape, akageuka akanipa mgongo, akamaliza. Tukawasha. Haikuruka. Tukawasha friji, pasi, kila kitu. Haikuruka!

Nikamkumbatia, wakuu. Tape ile niliinunua mimi mwenyewe.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, sitadanganya. Mvule inakatika kama sabuni. Mlango niliokuwa nashinda nao siku nzima unatoka kabla ya chai ya jioni. Nikapata kazi ya milango ya kanisa moja, mikubwa, yenye mizabibu.

Ila mashine ilianza kuniwasha. Nikigusa chuma chake, kitu kama siafu kinapita chini ya ngozi. Nikampigia Kizza.

"Ssebo, bwana, hiyo ni static, umeme wa msuguano tu. Mashine za China ndivyo zilivyo. Vaa gumboot."

Nikavaa gumboot. Nilizivaa kila siku, hata jua likiwaka. Sikujua kwamba gumboot zile ndizo zilizokuwa zinanibakiza hai.

Siku yenyewe, bomba la maji lilichomoka. Maji yakamwagika sakafuni, pampu ikanyamaza. Spindle bila maji inaungua, na kisu kilikuwa katikati ya mzabibu. Nikabonyeza pause, mashine ikasimama pale pale, spindle ikiendelea kuzunguka. Nikapiga magoti kutazama pampu ndani ya ndoo. Mkono mwingine nikaunyoosha kushika mwili wa spindle nipime joto, kama unavyopima mtoto homa.

Gumboot zilikuwa miguuni. Magoti ndiyo yalikuwa majini.

Najua mtaandika, "Kwa nini hukuzima kwanza?" Sawa. Pigeni hapo. Lakini mashine iliyofungwa kama inavyotakiwa haiui mtu kwa sababu ameigusa.

Nilipotoka hospitali, mkono kwenye plasta, nilimwita Mutua. Huyu ni jirani, Mkenya, anatengeneza pampu za maji. Hana maneno mengi, na kwa Mkenya hiyo ni ajabu. Akafungua boksi.

Waya ya kupeleka umeme kwenye spindle ilikuwa imesuguliwa na mwendo wa mashine mpaka shaba ikagusa chuma. Hiyo inaweza kumpata mtu yeyote. Lakini ile waya ya kijani na njano, inayotakiwa kuuchukua umeme uliopotea na kuupeleka ardhini, ilikuwa imekatwa. Imekatwa safi, kwa koleo, ikafungwa tape nyeusi, ikasukumwa nyuma ya boksi isionekane. Na ukutani ile breaka ya usalama haikuwepo. Pale palikuwa na breaka ya kawaida, aliyoiweka nikiwa dukani, ambayo haijui kama mtu anakufa.

Mutua akakaa chini. "Wewe afande," akasema, "huyu hakutibu ugonjwa. Aling'oa kengele."

Nilikwenda kwanza polisi. Askari akaniuliza, "Mtu amekufa?" Nikasema hapana, ni mimi niko hapa. Akasema, "Kale, basi, mshukuru Mungu." Faili haikufunguliwa.

Basi tukapanda gari, mimi na Mutua, mpaka Ggaba.

Tulimkuta Kizza sokoni, kati ya wauza samaki, anakula. Akaniona, akasimama vizuri tu, kwa heshima.

"Afande! Nilisikia uliumia. Pole sana. Milango yako naiona kule kwa forum, kazi safi kabisa."

"Kizza, ile waya ya kijani ulikata wewe?"

"Mzee, uliniita kwa nini siku ile?"

"Inverter ilikuwa inazima nyumba."

"Nilipoondoka, ilizima tena?"

Akawageukia wauza samaki.

"Ssebo, nakuuliza mbele ya hawa. Ilizima au haikuzima?"

"Haikuzima."

"Eh! Sasa kesi iko wapi?"

Watu wakacheka. Nasema wakacheka mpaka mwingine akashika meza. Mimi nimesimama na plasta yangu kama mjinga.

Akaongeza, "Hiyo waya tunakata kila siku. Ukiiacha, hizi vitu hazitulii. Mteja anataka kitu kisizime, mimi nafanya kisizime."

Hapo mama mmoja akamtetea. Wanamwita Nnalongo, kwa kuwa amezaa mapacha. Ana friza kubwa ya samaki pale pale kibandani.

"Muacheni Kizza wetu nyie. Friza yangu ilikuwa inazima zima, samaki zinanuka. Alikuja akaitibu, haijazima mpaka leo. Inanitekenya tu kidogo nikiwa na mikono ya maji. Nimeizoea."

Wakuu, kicheko kiliendelea, lakini mimi sikukisikia tena.

Nikatazama miguu yake. Hana viatu. Amesimama kwenye simenti yenye maji ya samaki, na mkono wake uko hatua moja kutoka kwenye mfuniko.

"Nyabo, mama," nikasema, "usiiguse."

"Kwani inaniuma? Si nimekwambia nimezoea?"

"Nyabo, tafadhali. Mkono huu wangu ulizoea vilevile."

Mutua akatoa tester yake, ile bisibisi yenye taa. Akaigusisha kwenye mfuniko wa friza. Taa ikawaka nyekundu. Waliokuwa wanacheka wakasogea nyuma, unasikia kisu cha mtu anayeparua samaki mbali kule.

Akachomoa plagi, akaifungua. Waya ya kijani imekatwa. Tape nyeusi.

Nnalongo hakupiga kelele. Alimtazama Kizza, akasema polepole:

"Kizza, barafu kwenye hiyo friza wanatoa watoto wangu."

Kizza akasema atarekebisha kesho. Nikamwambia, wewe hutarekebisha kitu, Mutua yuko hapa. Wewe nitajie tu: umekata wapi tena?

"Mambo ya wateja wangu si yako, mzee." Akaita boda, akaondoka. Simu yangu hapokei mpaka leo.

Friza ya Nnalongo Mutua aliiunga siku hiyo hiyo. Breaka iliporuka akaitafuta sababu badala ya kuing'oa: waya imeliwa na kutu ndani, basi, kazi ndogo. Na kwangu tulipigilia nondo mpya ya shaba ardhini, mimi nikishika kwa kushoto, yeye akipiga nyundo. Tukarudisha waya ya kijani, tukafunga breaka ya usalama ya aina inayoelewana na inverter. Zipo madukani, si uchawi. Haizimi ovyo.

Kidole gumba changu cha kulia hakihisi kitu tena. Patasi siwezi kuishika sawasawa. Mkono wangu sasa ni hiyo mashine, na ile milango ya mizabibu nitaimalizia nayo.

Somo langu ni fupi. Kitu kikikuzimia nyumba, kinakuambia jambo. Fundi akikinyamazisha bila kukuonyesha alichofanya, mwambie afungue uone. Na kikianza kukutekenya, usikizoee. Chomoa.

Mwenye fundi aliyemfanyia hivi, Kampala au popote, aandike hapa chini tuone tuko wangapi tuliozoea.

Na wewe Kizza, ulisema mwenyewe pale sokoni kwamba unasoma humu. Ukiniomba msamaha, sina pa kuuweka. Wateja wako wengine hawajui. Wanavaa gumboot wanafikiri ni static, au wako peku kama Nnalongo.

Jibu hapa, mbele ya watu wote: umekata ile waya kwa nani tena?